Bado Mmoja

"Uniue kwanza, ndipo uchomeke hiyo pasi!"

"Nikuue nipate kesi bure? Wewe toka tu hapo kwenye kisanduku!"

Mama Futi hakutoka. Alikuwa amekibandikia mgongo kisanduku cha umeme cha ukumbi wa chini, mikono ameitandaza huku na huku, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Mbele yake, kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, alisimama Dobi wa ghorofa ya juu na pasi mkononi. Pasi yenyewe ilikuwa ile nzito ambayo ikichomekwa tu taa za nyumba nzima hukonyeza, na ikichomekwa wakati cherehani ya Mama Futi inakimbia, swichi kuu huanguka chini, taa zikazimika, na matusi yakaanza.

"Mashuka sitini yananingoja," alisema Dobi. "Ya nyumba ya wageni. Sasa mgeni alalie makunyanzi kwa sababu gani? Kwa sababu kompyuta yako inahama?"

"Inahama, ndiyo."

"Inahama! Ina miguu? Si mngeniambia mapema, nikawaitia mkokoteni?"

Kicheko kikatoka mlangoni. Kilikuwa cha Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa kando ya mlango mkubwa, na ambaye alikuwa amemwacha mteja na povu kidevuni ili asipitwe. Nyuma yake alikuwa amesimama Mama Pacha wa chumba cha mkabala, mwanamke wa miraba minne, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mwiko. Nyumba ile ilikuwa hivyo. Ukikohoa sana, watu wanne wanakuja kuuliza unakohoa nini, na watatu kati yao tayari wanalo jibu.

"Wewe cheka," Mama Futi alimwambia Kinyozi. "Hata wewe umo humo ndani. Wote mmo humo."

Alikuwa anasema kweli. Miaka kumi na minne iliyopita maji ya mvua yaliingia chumbani kwa Mama Futi na kuyalowesha madaftari yake ya vipimo, wino ukatiririka, vifua na viuno vya mtaa mzima vikawa rangi ya bluu sakafuni. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alinunua laptopu ya mitumba, akajifunza kubonyeza kwa kidole kimoja, na tangu hapo kila aliyepimwa akawekewa folda yake: vipimo, picha ya kujaribisha nguo akiwa bado ana pini mabegani, na maelezo machache. Watu mia nne na kumi na wawili. Sasa diski ilikuwa imejaa mpaka kooni. Kila akitaka kumwingiza mtu mpya, kompyuta inamwambia afute. Afute nani? Binti yake alimshauri kwa simu afute waliohama na waliokufa. Mama Futi akakata simu, na kwa wiki nzima hakumpigia.

"Mzee, salamu."

Sauti hiyo ilitoka chumbani kwa Mama Futi. Haikuwa kubwa, lakini wote waligeuka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, bisibisi ndogo ameichomeka kwenye nywele. Huyo ndiye Fundi Bado. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ukimuuliza kama kazi imekwisha, siku zote jibu ni hilohilo. Wenye haraka zao walikwenda kwa mafundi wengine, wale wa "dakika tano tu, mama." Mama Futi mwenyewe karibu aende huko. Kilichomzuia ni kwamba mmoja wa hao wa dakika tano alipokea kutoka kwa jirani yao simu yenye picha na akamrudishia simu yenye afya njema, haina hata picha moja.

"Betri ya hii laptopu ilikufa zamani," Fundi alimweleza Dobi. "Inaishi kwa chaja. Na diski yake inaumwa, inatoa mlio. Umeme ukikatika sasa hivi, sina hakika kama itaamka tena."

"Na usipokatika, mwisho wake saa ngapi?"

"Saa nane."

"Na sasa ni saa nne asubuhi!"

"Ndiyo."

Dobi alitazamia abembelezwe. Watu wakitaka kitu hubembeleza, naye aliye na kitu hukataa kidogo, kisha hukubali. Lakini Fundi alisimama tu akimtazama bila kuongeza neno, na mtu hawezi kugombana na ukuta.

"Saa nane," Dobi alisema, akimnyooshea pasi Mama Futi. "Dakika moja ikizidi nachomeka. Anayetaka kuzirai, azirai."

"Nenda zako."

"Naenda, lakini sijashindwa."

Mama Futi alirudi chumbani akihema, akajitupa kwenye kiti cha cherehani. Angependa kuendelea na hasira yake, maana ilikuwa nzuri na bado mbichi, lakini macho yake yalivutwa na meza ya kukatia. Fundi alikuwa ametandaza juu yake karatasi nyeupe. Kwenye karatasi amechora umbo la laptopu kwa penseli, na kila skrubu aliyoifungua ameilaza palepale kwenye mchoro ilipotoka, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi.

"Mbona hujazikusanya kwenye kikombe? Wenzako wote wanatumia kikombe."

"Hii ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi, inatoboa ubao wa ndani."

Mama Futi aliinuka, akainama, akazitazama zile skrubu. Yeye alikuwa na cherehani tangu akiwa msichana, na kwa maisha yake yote alikuwa hajaona mtu mwingine anayepanga pini namna hiyo. Pini za bega upande wa bega. Pini za kiuno upande wa kiuno. Mwalimu wake wa ushonaji alimchapa rula miezi sita mpaka akaelewa. Akamtazama Fundi kwa jicho jipya, jicho la mtu aliyemkuta ndugu kwenye foleni.

"Nani alikufundisha?"

"Laptopu tatu nilizoziharibu."

Kando ya ile ya zamani kulikuwa na diski mpya, ndogo kuliko kiganja, imeunganishwa kwa waya. Fundi alimweleza kwamba ingemeza ya zamani mara nne na bado ikabaki na njaa. Kwenye kioo, mstari wa kijani ulitambaa polepole.

"Kwa hiyo sasa wanahama," Mama Futi alisema.

"Hawahami. Nanakili. Anayehama anaondoka kule kabla hajafika huku, akipotelea njiani basi amepotea. Anayenakiliwa anabaki kule mpaka tumwone huku kwa macho. Ya zamani siifuti. Utakaa nayo wiki nzima kabatini, ndipo uniite."

"Na kama nitakaa nayo mwaka?"

"Ni yako."

Jambo moja lilikuwa limemchukulia Fundi saa nzima kabla hata hajaanza. Mama Futi hakuwa na mpangilio. Folda zake zote alikuwa amezitawanya kwenye uso wa kompyuta, moja juu ya nyingine, zikichanganyikana na programu, mashine ya kuchapishia, na vikorokoro ambavyo hata yeye hakujua vilitoka wapi. Fundi alipitia kimoja kimoja akiuliza. Hiki nini? Na hiki? Vya watu viende, vya mashine vibaki, maana vile alikwisha kuviweka upya kwenye diski mpya. Mama Futi alijibu mpaka akachoka, lakini moyoni alikuwa anajisemea: huyu binti akipewa nyumba ya kufagia, atafagia hadi nyuma ya kabati.

Saa sita na nusu mstari wa kijani ulifika mwisho.

"Tayari?" Mama Futi aliruka.

"Bado. Ulisema ni watu wangapi?"

"Mia nne na kumi na wawili." Alifungua droo, akatoa daftari jembamba. Vipimo hakuviandika tena kwenye karatasi, ila majina aliyaandika kwa namba, kila mtu na zamu yake. "Huyu hapa wa mwisho, nilimpima juzi."

Fundi alihesabu kwenye diski mpya. Akahesabu tena.

"Mia nne na kumi na moja."

Mama Futi alilishika daftari kwa mikono miwili. "Nani hayupo?"

"Sijui. Wewe ita, mimi nitatafuta. Tuwaite wote."

Hapo ndipo Mama Futi alipofanya kosa lake. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya mlio wa cherehani, mlango wake ulikuwa wazi kama siku zote, na kwa wasiwasi aliokuwa nao alisahau kabisa kitu kimoja: kwamba kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumwandika mteja hata mmoja kwa jina lake alilopewa na wazazi.

"Namba moja! Shingo Feni!"

"Ipo."

"Usiseme ipo. Sema yupo. Hawa ni watu."

Fundi alimtazama kidogo. "Yupo."

"Namba mbili, Bata Maji!"

"Yupo."

"Namba tatu, Mzee Hapana!"

"Yupo."

Wakaenda hivyo, ita na itika. Walipofika kwenye sabini, Kinyozi alikuwa amesharudi mlangoni, mbavu hana. Mama Pacha akamfuata, akavuta na kigoda kabisa. Hata Dobi alishuka, akaketi kwenye ngazi akiwa na pasi mapajani, jicho moja kwenye saa yake na sikio lote ndani. Kila jina likitajwa walibahatisha ni nani. Bata Maji walimjua mara moja. Dalili ya Mvua walibishana.

"Namba tisini na nane, Bega Moja!"

"Yupo."

"Huyo nani?" aliuliza Kinyozi, akijipangusa machozi ya kicheko.

Mama Futi aliinua macho kutoka kwenye daftari. Akamwona Kinyozi, akawaona wote, akauona mlango ulivyo wazi.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni... ni mteja wa mbali."

"Mbona unanitazama begani?"

"Namba tisini na tisa!" Mama Futi alipaza sauti, akitafuta pa kujificha, na macho yake yakaangukia mahali pabaya zaidi. "Puto la..." Akajiziba mdomo.

Lakini lilikuwa limeshatoka, na mtu mmoja tu katika jumba lile ndiye aliyepimwa siku moja na Kinyozi, yeye gauni na mwenzake koti, kwa harusi moja. Mama Pacha aliinuka kwenye kigoda taratibu, kama moshi.

"Puto la nani?"

"Jirani yangu, hebu ngoja..."

"Puto! Mimi? Miaka yote naingia hapa, nakunywa chai yako, nakusimulia ya nyumbani kwangu hadi ya chumbani, kumbe mwenzangu ananiandika Puto!" Alimgeukia Fundi. "Nifute. Nifute humo sasa hivi, mbele yangu!"

"Na mimi pia," alisema Kinyozi, ingawa yeye bado alikuwa anajipapasa bega mbele ya kioo cha kujaribishia nguo.

"Sawa," alisema Fundi.

Mama Futi alimtolea macho. Sawa? Lakini Fundi alikuwa amegeuza laptopu ikawaelekea.

"Sifuti kitu ambacho mwenyewe hajakisoma. Soma kwanza, kisha uniambie nifute."

Mama Pacha alisogea na mwiko wake. Alisoma akisogeza midomo bila sauti, kisha sauti ikamtoka yenyewe: "'Kifua arobaini na mbili. Tangu ajifungue pacha tumbo halijarudi, na akivaa nguo za zamani analia. Mwambie ni kitambaa kimenywea kwa kufuliwa. Ongeza inchi mbili kila ubavu, usimwambie. Marinda ya juu yashuke mbele, yakifunika tumbo anatembea kifua mbele kama zamani.'"

Mwiko ulikuwa umeshuka.

"Kile kitambaa cha maua," alisema mwishoni. "Uliniambia kimenywea."

"Kilikuwa kibovu kile," alisema Mama Futi, bado anadanganya kwa mazoea.

Kinyozi hakungoja kualikwa, akajipenyeza. Yake ilisema bega la kulia limeshuka nusu inchi kwa sababu ya kuinua mashine ya kunyolea miaka yote, kwamba atiwe sponji nyembamba ndani ya koti upande huo, na asiambiwe kamwe, ili akijitazama kwenye kioo ajione yuko sawa.

"Ndiyo maana koti lile," alisema Kinyozi polepole. "Kila mtu alisema siku ile, umesimama kama mwanajeshi. Nikajua ni mimi."

"Ni wewe," alisema Mama Futi.

"Nifute?" aliuliza Fundi.

Mama Pacha alivuta kigoda akaketi tena. "Endeleeni," alisema kwa ukali ambao haukuwa na meno. "Ila huyo Dalili ya Mvua mniambie ni nani."

Dobi alikuwa amefurahi sana. Alikuwa hajapata starehe kama ile tangu lini, na kwenye ngazi yake alicheka mpaka pasi ikamtikisika mapajani. Alicheka mpaka namba mia mbili na mbili.

"Fyuzi," Mama Futi alisoma kwa sauti ndogo.

"Yupo."

Wote waligeuka, wakatazama ngazi.

"Fyuzi ndiye nani?" aliuliza Dobi.

"Mzee," alisema Kinyozi, "hilo swali umelichomeka mwenyewe."

Dobi alifungua mdomo ili ampe Mama Futi yake, na alikuwa na akiba ya kutosha, lakini Mama Futi alikuwa tayari amefika kwenye mstari unaofuata.

"Mia mbili na tatu. Wifi."

Fundi alitafuta. Alitafuta tena, kidole chake kikipita taratibu juu ya kioo.

"Hayupo."

"Tazama vizuri, mwanangu. Wifi. Nimemwandika hivyo tu, Wifi, basi."

Mkono wa Fundi ulisimama. Akaitoa bisibisi kwenye nywele akaiweka mezani, kama mtu anayevua kofia.

"Nilimwona," alisema. "Asubuhi. Alikuwa katikati ya zile alama za mashine. Nilimwacha. Nilidhani ni mtandao."

"Mtandao gani?"

"Waifai."

Kinyozi alipasuka kicheko, kisha akakimeza kwa nguvu mpaka akakohoa, maana aliiona sura ya Dobi.

"Ni wifi yangu," Mama Futi alisema, na sauti yake kubwa yote ilikuwa imekwenda. "Mke wa huyu kaka wa ghorofa ya juu. Marehemu."

"Nimekosea mimi," alisema Fundi. "Vyote niliuliza, hiki sikuuliza. Niliona nakijua."

Mama Futi alikuwa na midomo ya kumsema kila mtu aliyemkosea tangu aanze kusema. Huyu hakumsema. Mafundi aliowajua, kitu kikipotea, kimepotezwa na umeme, na joto, na wewe mwenyewe uliyebonyeza vibaya. Huyu alikuwa amelishika kosa lake mkononi akalionyesha kwa mteja kama skrubu, na bila hesabu yake mwenyewe hakuna ambaye angelijua.

"Hatukuhamisha," Fundi aliendelea. "Tulinakili. Kwenye ya zamani bado yuko. Bado moja tu." Akajisahihisha. "Bado mmoja."

Redio ya Kinyozi ikalia huko nje. Saa nane kamili.

Dobi alisimama. Saa nane ndiyo waliyoagana, na mashuka yalikuwa sitini. Mama Futi alimtazama akishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, akivuta waya wa pasi nyuma yake kwenye saruji. Safari hii hakuwa na nguvu ya kukimbilia kisanduku.

Dobi alisimama mlangoni pa chumba ambacho hakuwa ameingia kwa miaka sita, tangu amzike mkewe.

"Anahitaji muda gani?" alimuuliza Fundi.

"Ana video, ni nzito. Na diski imeanza kukwama. Saa moja. Pengine zaidi."

Dobi aliukusanya waya, akauzungusha kwenye mpini wa pasi, mzunguko baada ya mzunguko, akauchomeka mwisho wake ndani kama mtu anayefunga kilemba. Akaenda ukumbini, akaketi chini ya kisanduku cha umeme, mgongo ukutani.

"Nani ana birika linachemka?" alipaza sauti. "Mama Pacha! Zima. Na wewe Kinyozi, mashine yako hiyo. Mteja amekaa na povu tangu asubuhi, akikaa tena saa moja hafi."

Chumbani, diski ya zamani ilianza kugonga. Tik. Tik. Kimya. Tik. Mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama. Fundi aliinua laptopu akaisimamisha juu ya rula mbili za mbao za Mama Futi ili hewa ipite chini, akaigeuzia feni ya chumbani, akaweka kiganja chake juu ya diski kama anayempima mtoto homa. Hakubonyeza chochote. Mama Futi, ambaye kukaa kimya kulikuwa ugonjwa kwake, alikaa kimya. Aliona kwamba kazi yote ilikuwa hapo, kwenye ule mkono usiobonyeza. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa hivyo na hariri chini ya sindano, akigeuza gurudumu kwa mkono, tundu moja moja.

Mstari ukasogea. Ukasimama. Ukasogea tena.

"Vipi huko?" Dobi aliuliza kutoka ukumbini.

"Bado," alijibu Fundi.

Na baadaye: "Bado."

Ilikuwa karibu saa tisa na nusu aliposema: "Njoo, mzee. Sitasema tayari mpaka afunguke."

Dobi aliingia, akasimama nyuma yao, kofia mkononi. Fundi akafungua video ya kwanza kutoka kwenye diski mpya.

Mwanamke wa makamo alisimama mbele ya kioo hikihiki cha kujaribishia nguo, gauni la kijani halina mkono mmoja, pini mabegani. Alikuwa anacheka na kumtazama mshika kamera. "Wewe, zipu niwekee ubavuni," alisema. "Ya mgongoni atanifunga nani? Yule? Mikono ile ya pasi, atanichoma!" Nyuma ya kamera Mama Futi wa miaka hiyo alicheka mpaka picha ikatikisika. Kisha mwanamke alinyoosha mkono, akachukua fagio, akagonga dari kwa mpini. Ko, ko. "Ngoja azime kwanza, cherehani ipite." Akainua uso, akangoja. Na kutoka juu, ikifika kwa mbali lakini wazi kabisa, ikajibu: ko.

Dobi aliinua uso akatazama dari.

Ndiyo ilivyokuwa. Mara mbili maana yake zamu yangu, mara moja maana yake haya. Marehemu ndiye aliyeubuni mpango huo, na kwa miaka yake yote katika nyumba ile swichi kuu haikuwahi kuanguka. Alipoondoka, hakuna aliyegonga. Juu hawakugonga kwa sababu chini hawakugonga, na chini vivyo hivyo, na badala ya fagio zikaja kelele.

"Huko juu ni mimi," alisema Dobi. "Hiyo sauti. Nilikuwa napiga na kisigino."

Fundi alingoja video iishe yenyewe. Kisha akahesabu mbele yao, kwa sauti, akafika mia nne na kumi na wawili. Akaitoa diski ya zamani, akaiingiza mpya mahali pake, akarudisha skrubu moja moja kutoka kwenye mchoro, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi, karatasi ikabaki na duara tupu za penseli. Akawasha. Laptopu ambayo ilizoea kuamka kama mlevi ilifunguka kabla Mama Futi hajamaliza kushusha pumzi.

"Tayari," alisema Fundi.

Mama Pacha, aliyekuwa mlangoni, alipiga kigelegele peke yake.

Dobi alimshukuru Fundi kwa kichwa, akachukua pasi yake, akapanda. Muda mfupi baadaye taa zilikonyeza, zikatulia. Mashuka yalikuwa yameanza.

Mama Futi aliifunga diski ya zamani kwenye kipande cha hariri kilichobaki kwa bibi harusi fulani, akaiweka kabatini. Kisha akamshika Fundi mkono, maana alimwona anakusanya vifaa vyake.

"Wewe unakwenda wapi? Umeshinda hapa tangu asubuhi na chai kikombe kimoja. Kaa."

Aliwasha jiko la gesi, akapasha wali na mchuzi, akatoa sahani. Akatoa mbili. Akatazama kabati, akatoa ya tatu. Fundi alimwona akisimama katikati ya chumba, futi shingoni, akilitazama fagio kule pembeni kama mtu anayetaka kumsalimia jamaa waliyenuniana naye.

Akalichukua. Akaligeuza, akanyoosha mpini juu.

Ko, ko.

Juu kukawa kimya. Mlio wa pasi ikikokotwa ukakoma. Kimya kile kilikaa mpaka Mama Futi akaanza kujiona mjinga na fagio lake hewani. Halafu, kwa kisigino: ko.

Ngazi zililia. Dobi akatokea mlangoni, jasho usoni, mikono mitupu.

"Nimezima," alisema. "Haya, endesha cherehani yako."

"Cherehani nani kakwambia?" alisema Mama Futi, akimvutia kiti. "Maji ya kunawa hayo hapo, kaka. Ingia ule, wali unapoa."